Hesabu ya Pili

Muuguzi alikiri kabla Pimamaji hajavuta kiti.

"Nilizichukua," alisema. "Daftari saba, juu ya meza ya Mhariri, jana saa nne asubuhi, na watu wanaona. Wala sikukimbia. Nilishuka ngazi kama mtu aliyefuata mzigo wake."

"Mzigo wa nani?"

"Wangu, afande. Wa nani tena?"

Pimamaji alikaa. Meza ya chumba cha mahojiano ilikuwa imelalia upande, na kalamu yake ikaanza kubingirika. Akainama, akakunja karatasi, akaisukuma chini ya mguu mfupi, akaiangalia kalamu mpaka ikatulia. Kabla hajawa sajini wa upelelezi alikuwa mwashi, na kabla ya uashi alipakia mabehewa, akapika shuleni, akachimba mitaro. Jina la Pimamaji alilipata kwenye uashi, kwa sababu hakuweza kukaa mahali palipopinda akanyamaza.

"Mtunzi anasema kitabu ni chake," alisema. "Mikono yake inatetemeka siku hizi. Anasema alikuwa anatamka, wewe unaandika."

"Inatetemeka? Mbona ya kutia saini vitabu haitetemeki?"

"Mwandiko kwenye daftari ni wako, hilo halina ubishi. Lakini mwandiko ni wa mkono tu, mama. Karani naye ana mwandiko."

Muuguzi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mabega mapana, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama. Miaka ishirini na miwili alikuwa kwenye chumba cha upasuaji. Kitabu alikiandikia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, miaka sita. Kilikuwa kitabu cha majoka na wafalme. Alipomaliza akampelekea jirani yake, Mtunzi, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu na ambaye vitabu vyake vinasomwa hadi mashuleni. Alitaka rai tu. Mtunzi akamwambia lugha ina makosa, niachie nikutazamie. Ukapita mwaka, ukapita wa pili. Wiki iliyopita, akiwa anapiga pasi, redio ikatangaza kitabu kipya cha Mtunzi, cha joka la pango lenye milango miwili.

"Pasi nikaisahau juu ya sare," alisema. "Nimekuja hapa na sare ya kuazima."

Mlango ulifunguliwa, Mkuu wa kituo akaingiza kichwa.

"Pimamaji. Gari la mahakama linaondoka saa nane. Mlalamikaji ni kampuni ya vitabu, shahidi wake ni mtu mzito, mshukiwa amekiri, kielelezo kipo. Kama huna kitu cha maana, anapanda."

"Akipanda gari hilo hospitali wanamsimamisha kazi leo leo, mkuu."

"Basi kitafute hicho kitu."

"Na Jumamosi kitabu kinazinduliwa," Muuguzi alisema taratibu, akiwa hamtazami yeyote. "Kikishatoka na jina lake, nani atakirudisha?"

Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na robo.

*

Ofisi ya Mhariri ilikuwa ghorofani, juu ya mitambo ya kuchapa, na sakafu ilitetemeka kama tumbo la paka anayebembelezwa. Mhariri alikuwa mtu mwembamba, miwani kwenye uzi, wino mwekundu hadi kwenye kola. Mbele yake palikuwa na nakala iliyochapwa, ile ambayo Mtunzi alimletea. Daftari zililetwa baadaye, ziwekwe kwenye kabati la vioo siku ya uzinduzi, watu waone jasho la mtunzi. Hakuwahi kuzifungua.

"Dhambi kubwa ya vitabu vya namna hii, afande, ni midomo," alisema. "Unajenga ufalme wa kale. Kuta, mapanga, wachawi, kila kitu kipo sawasawa. Halafu mlinzi wa lango anafungua mdomo anasema, 'Subirini sekunde moja.' Sekunde ameipata wapi? Watu hawa muda wanaupima kwa kivuli. Msomaji alikuwa amepanda farasi, anaanguka palepale."

"Ziko nyingi?"

"Nyingi? Nimemaliza kalamu tatu. Sikiliza hii." Alivaa miwani. "Joka linazungumza na binti mfalme. Joka lina miaka elfu mbili. Linasema, 'Niache nipumzike, presha yangu imeshuka.'"

"Joka lenye presha."

"Usicheke."

"Sijacheka, bwana Mhariri. Nipe zote."

Pimamaji alichora mstari katikati ya karatasi. Upande wa kushoto akaandika makosa ambayo yangeweza kumtoka mtu yeyote: sekunde, asilimia mia, tukutane kati kwa kati. Upande wa kulia akaweka yale ambayo hayamtoki kila mtu. Mjumbe anaingia kwa malkia na kusema, "Mfalme ametulia, hana homa, amelala vizuri," kama anakabidhi wodi. Mlinzi wa mnara anamwambia mwenzake, "Zamu yangu imeisha, huyu wa pili mwangalie kila baada ya saa moja." Mpiga mishale haombi mshale, ananyoosha kiganja bila kutazama, na mshale unatua.

Kufika saa nne na nusu upande wa kulia ulikuwa umeshuka hadi chini ya ukurasa.

"Unafanya nini na takataka zangu?" Mhariri aliuliza.

"Mwashi mwingine akimaliza ukuta, hufuta tope lililodondoka. Mimi nilikuwa naangalia kwanza limedondokea upande gani. Unajua mjengaji alisimama wapi." Alimgeuzia karatasi. "Nani husema hivi?"

Mhariri alisoma. Akavua miwani. "Hospitali."

"Mtunzi amewahi kufanya kazi hospitali?"

"Hata kuugua hajawahi."

"Basi," Pimamaji alisema, akaanza kukunja karatasi.

"Basi nini, Sajini?"

Sauti ilitoka mlangoni, sauti nzuri, ya mtu aliyezoea ukumbi kunyamaza. Mtunzi aliingia na suti ya kijivu na fimbo ambayo hakuiegemea. Akaichukua karatasi kutoka mkononi mwa Pimamaji, akaisoma, akatabasamu kama mwalimu aliyepewa jibu zuri la swali lingine.

"Maneno ya wodini. Ungeniuliza, ningekuokolea asubuhi yako. Mimi natamka, 'Joka likaishiwa nguvu.' Yeye ni muuguzi, anaandika presha. Mimi natamka, 'Mfalme hajambo,' yeye ananiletea homa. Nilimvumilia kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Hayo yote ni ya karani. Hadithi ni yangu. Ndiyo maana tunao wahariri, au siyo?"

Mhariri aliangalia meza.

Ukuta wote wa Pimamaji ukalala chini. Maneno yalikuwa ya Muuguzi, sawa. Lakini karani naye humwaga chumvi yake kwenye chungu cha mwenye nyumba, na chungu kisiwe chake.

"Hukuyasafisha wakati unachapa?" aliuliza.

"Madogo hayo nilimwachia Mhariri. Mimi nilishughulika na hadithi yenyewe. Nilipunguza marudio, nikakaza mwisho." Alimrudishia karatasi. "Saa nane, nimesikia. Pole kwa usumbufu, kijana."

Pimamaji alikuwa na miaka hamsini na minne.

Alipobaki na Mhariri, aliomba sura ya mwisho akaisomea kwenye ngazi, kidole chini ya kila mstari. Vita imekwisha. Joka limelazwa kwa vitambaa ishirini vilivyoloweshwa dawa ya usingizi, na kila kitambaa kina jasho la watu wa mji. Kikibaki hata kimoja pamoja na joka, likiamka litanusa jasho na kuufuata mji. Kwa hiyo vilihesabiwa wakati wa kuingia: ishirini. Mashujaa wanatoka, wanafunga mlango wa ndani wa jiwe, wanapita kwenye ushoroba ulio kati ya milango miwili, wanafika mlango wa nje. Vinahesabiwa tena: kumi na tisa. Kila mtu anageukia mlango wa ndani. Halafu kamanda, mwanamke mmoja mfupi, anakataa kuufungua mlango wa ndani. Anasema, "Tafuteni humu humu ushorobani," na kitambaa kinapatikana chini ya jiwe. Mji umepona.

Pembeni, kwa wino mwekundu, Mhariri alikuwa ameuliza: *Kwa nini hafungui mlango wa ndani?* Chini yake, kwa wino wa buluu, Mtunzi amejibu: *Ujasiri. Msomaji hatauliza.*

Pimamaji alirudi ghorofani. "Hili jibu lilikutosha?"

"Hapana," Mhariri alisema. "Lakini yeye ni nani, na mimi ni nani?"

*

"Viatu vyako, kaka, mwisho wake ni huo mstari mwekundu," alisema sista mkuu wa chumba cha upasuaji, na Pimamaji akasimama kwenye mstari kama mtoto wa shule.

Sista mkuu alikuwa mfupi, barakoa imening'inia shingoni. Alisikia mwenzake yuko kituoni na alikuwa na mengi ya kusema kuhusu polisi, akayasema yote. Pimamaji alimsubiri amalize.

"Mnahesabu vitambaa," alisema.

"Tunahesabu kila kitu. Vitambaa, sindano, mikasi. Ubao ule pale, unauona kupitia kioo?"

Aliuona. Ulikuwa ubao mweupe wenye safu tatu, namba zimeandikwa kwa kalamu ya buluu.

"Mbona safu tatu?"

"Kwa sababu tunahesabu mara tatu. Watu wawili, kwa sauti, wote tunaangalia. Kabla ya kuanza. Kabla ya kufunga ndani. Kabla ya kufunga ngozi."

"Mwanzo na mwisho havitoshi?"

Sista mkuu alimtazama kama amemwuliza kwa nini nyumba ina paa.

"Sikiliza, kaka. Ukihesabu mwanzo na mwisho tu, ukikosa kimoja, unajua kimepotea. Hujui kimepotea wapi. Utamfungua mtu mzima tena, usiku wake na mchana wake, kumbe kitambaa kiko chini ya kitanda. Ile hesabu ya katikati ndiyo mlinzi wako. Kama ilitimia kabla hujafunga ndani, basi ndani ni salama. Inama, tafuta sakafuni."

Pimamaji alitoa karatasi yake iliyokunjwa.

"Rudia hiyo ya katikati," alisema.

Akarudia. Alipomaliza, Pimamaji alikuwa ameshavuka geti.

*

Saa saba na dakika ishirini alifungua mfuko wa kielelezo, akatoa daftari la saba, akaenda moja kwa moja kwenye pango. Mwandiko wa Muuguzi ulikuwa mnene, umebana, wa mtu anayeandika huku anasikilizia kengele. Vitambaa ishirini wakati wa kuingia. Joka limelala. Halafu, mbele ya mlango wa ndani kabla haujasukumwa, mistari minne ambayo hakuisoma kule kwenye ngazi:

*"Hesabuni," alisema kamanda. Wakahesabu wawili kwa sauti.*

*"Imetimia?"*

*"Ishirini. Imetimia."*

*"Fungeni."*

Alifunga daftari, akaenda kumwona Mkuu wa kituo.

"Nahitaji vyumba viwili, karatasi mbili na kalamu mbili. Na uwaite Mtunzi na Mhariri."

"Mtunzi yuko nje, anasubiri kuona gari linaondoka. Umepata kitu?"

"Nimepata swali."

Mkuu wa kituo aliitazama saa, akaitazama sura ya Pimamaji, akanyanyua simu.

Muuguzi alibaki chumba cha mahojiano. Mtunzi aliwekwa ofisi ya mkuu, kwenye kiti kizuri. Kila mmoja alipewa karatasi yenye swali lile lile, kwa mwandiko wa Pimamaji: *Kwenye sura ya mwisho, vitambaa vinapungua kimoja. Kwa nini kamanda hafungui mlango wa ndani?* Chini yake palikuwa na mstari wa saini.

Muuguzi alirudisha karatasi kabla askari hajafunga mlango. Mtunzi aliomba karatasi ya pili.

Saa nane kasoro dakika kumi wote waliletwa ofisini kwa Mkuu. Mhariri alisimama karibu na dirisha, nakala yake iliyochapwa kwapani. Mtunzi alikaa bila kukaribishwa. Muuguzi alisimama, mikono mbele ya tumbo, hagusi chochote.

"Soma, mkuu," Pimamaji alisema. "Ya Mtunzi kwanza. Ndiye mkubwa."

Mkuu wa kituo alisoma. Ilikuwa lugha tamu kwelikweli. Kamanda ni nembo ya ujasiri. Mlango ni hofu ya mwanadamu. Asiyefungua hofu yake ameishinda. Ukurasa mmoja na nusu, nukta zote mahali pake.

"Nzuri," Mkuu alikiri.

"Sasa ya mama."

Mkuu aliigeuza karatasi ya pili, akatafuta maandishi, akayaona.

"'Kwa sababu hesabu ya pili ilitimia.'" Akainua macho. "Ndiyo hiyo tu?"

"Inatosha," Muuguzi alisema.

"Hesabu ya pili ipi?" Mhariri aliuliza. "Kwenye kitabu hesabu ni mbili. Ya kwanza ishirini, ya pili kumi na tisa. Ya pili haikutimia."

Pimamaji alimpa daftari la saba, kidole kikiwa kwenye mistari minne. Mhariri alisoma mara moja, akafungua nakala yake, akatafuta mahali, hakupata, akasoma daftari tena.

"Ziko tatu," alisema. "Waliohesabu kabla ya mlango wa ndani walikuta ishirini. Kwa hiyo kitambaa hakikuweza kubaki na joka. Kimedondoka ushorobani. Ndiyo maana hafungui. Si ujasiri, anajua tu." Aligeuka kwa Mtunzi. "Mwezi mzima mwisho huu umeninyima usingizi, na jibu ulikuwa nalo. Ukalikata."

"Yalikuwa marudio," Mtunzi alisema. "Watu wanahesabu, wanahesabu, wanahesabu. Riwaya si duka."

"Kwa hiyo ulikata mwenyewe," Pimamaji alisema. "Si karani."

"Nimeshasema nilikaza mwisho."

"Ulisema. Mbele ya Mhariri. Maneno ya wodini uliyaacha yote, presha ya joka ukaiacha, na kwenye sura ya mwisho ukakata mistari minne tu. Mistari ile ndiyo nguzo. Mjenzi hawezi kung'oa nguzo akidhani ni takataka. Mpangaji anaweza."

Mtunzi alimgeukia Mkuu. "Huyu ni muuguzi. Lazima ajue mambo ya kuhesabu. Hiyo inathibitisha nini?"

"Ni kweli, yeye anajua," Pimamaji alisema. "Na kitabu kinajua. Na kamanda wa kwenye kitabu anajua. Asiyejua ni wewe peke yako, mzee, na wewe ndiye unayesema uliwatamkia wote."

Nje gari la mahakama lilipiga honi mara moja. Hakuna aliyesogea.

Mtunzi aliiweka fimbo yake magotini, akaivuta huku na huku. Alipozungumza, sauti ya ukumbini ilikuwa imemtoka.

"Nilikisafisha. Nikakipa jina ambalo watu wangelisoma. Nani angefungua kitabu cha joka kilichoandikwa na muuguzi?"

"Mimi," Mhariri alisema.

"Wewe unafungua vilivyoandikwa na mimi."

"Kweli. Na mwezi mzima nimekuwa nafuta ushahidi kwa kalamu yangu mwenyewe, huku nakuamkia shikamoo." Mhariri alivua miwani. "Mkuu, kampuni inaondoa malalamiko. Niandike wapi?"

Mkuu wa kituo alichukua hati ya mashtaka, akaikunja katikati, akaikunja tena, akaitia mfukoni.

"Mzee, wewe usiondoke," alimwambia Mtunzi. "Kuna taarifa ya uongo uliyotoa hapa kituoni, na ina karatasi zake." Halafu akafungua dirisha akapaza sauti kwa dereva, "Ondoka. Hakuna abiria."

Muuguzi alikaa kwa mara ya kwanza. Alikaa ghafla, mkono ukafunika mdomo. Pimamaji alimsogezea glasi ya maji, kisha zile daftari saba, zikiwa zimefungwa kamba.

"Afande," alisema alipoweza, "ulijuaje kuuliza hilo?"

"Sista wako mkuu alinifokea nusu saa. Mwisho wake akanifundisha."

"Anafoka huyo." Alicheka, machozi bado yako kwenye kidevu. "Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na dakika tano."

"Nina zamu saa nane na nusu. Kuna mtu wa kibofu ananisubiri tangu asubuhi."

Akainuka, daftari kwapani, akatoka. Askari wa mapokezi walisimama, hata wale ambao hawakujua kwa nini. Mhariri alimfuata mbio hadi barabarani, karatasi zikimdondoka, na Pimamaji akasimama mlangoni kuwatazama.

"Mama, subiri kidogo. Mabango tunabadilisha leo leo, jina lako kwa herufi kubwa hivi. Hesabu ya pili inarudi. Presha ya joka tu ndiyo nakuomba."

"Presha toa. Na sekunde toa, na asilimia. Hayo ni makosa kweli, nilikuwa nimechoka." Hakupunguza mwendo. "Kuhesabu usikuguse."

"Sigusi. Lakini niambie kitu kimoja, maana wasomaji wataniuliza. Joka limelala, milango imefungwa, mji umepona. Kuna chochote kimebaki?"

Muuguzi alisimama katikati ya kivuko. Gari moja likafunga breki likamsubiri. Alimtazama Mhariri kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa anayekaribia kudungwa sindano bila kujua ukubwa wake.

"Joka lile," alisema, "lina mama yake."

Akavuka.